Mama Aliyeficha Fedha ya Maharage



Liko swali ambalo wainjilisti wa milimani, tangu Manyovu hata Kasulu na Kibondo, hulileta mbele ya wazee wa kanisa mara kwa mara, na zaidi katika majira ya kuuza mavuno. Mke Mkristo akiificha fedha aliyoipata kwa jasho lake, mumewe asiijue, je, ametenda dhambi? Tungaliulizwa hivyo miaka michache iliyopita, tungalijibu upesi. Na kwa kweli tuliulizwa, tukajibu upesi. Leo twataka kulijibu polepole, na kueleza kwa nini jibu letu la kwanza lilikuwa baya.

Katika usharika mmoja wa wilaya ya Buhigwe, ambao hatuutaji jina, mama mmoja aliletwa mbele ya baraza la wazee. Sisi tulikuwamo barazani, na kalamu ya kuandikia maneno ya baraza ilikuwa mkononi mwetu. Mama huyo alikuwa amelima maharage katika kipande cha shamba kilicho nyuma ya nyumba, akavuna magunia mawili, akauza. Nusu ya fedha alinunulia chumvi, sabuni na daftari za watoto. Nusu ya pili aliiweka katika kisanduku cha kikundi cha akina mama. Ninyi nyote mwakijua kisanduku hicho: kina kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na akina mama watatu mbalimbali, hata asiweze mmoja kukifungua peke yake. Alikuwa akitafuta mabati, maana nyasi za nyumba yake zilikuwa zimeoza na mvua ilikuwa ikiingia mahali walalapo watoto. Mumewe hakuambiwa.

Habari aliipata kilabuni, penye pombe ya ndizi, kwa mtu aliyemcheka ya kwamba mkewe ni tajiri, naye mwenye nyumba anywa kwa mkopo. Akarudi nyumbani usiku. Asubuhi mama yule alifika kwa mwinjilisti, mkono wake wa kuume umefungwa kwa kipande cha kanga, na jicho moja halifunguki.

Baraza lilikaa siku ya Jumamosi. Tulikuwa wazee saba, wanaume wote. Mume na mke waliketishwa katika benchi moja. Mzee mmoja akauliza, "Mama, kwa nini ulimficha mume wako?" Naye akajibu, "Wazee wangu, niliogopa." Hakuna aliyemwuliza alichokiogopa, ijapokuwa jawabu lilikuwa limefungwa kwa kanga mbele ya macho yetu. Mzee mwingine akafungua Matendo ya Mitume sura ya tano, akatusomea habari za Anania na Safira mkewe, walioficha sehemu ya thamani ya kiwanja chao wakaanguka wakafa. Tukanyamaza wote. Mama akainama. Ikaandikwa kitabuni ya kwamba mke ameungama kosa la kuficha fedha, na ameamriwa kumkabidhi mumewe. Na mume ameonywa asizidishe.

Asizidishe! Neno hilo twalikumbuka kwa aibu, maana ndani yake mlikuwa na ruhusa. Tukaomba, tukaimba, tukawapeanisha mikono, tukaenda zetu tukidhani tumeleta amani.

Mama akatii. Kikundi kilipogawana, fungu lake alimpa mume, wala mabati hayakununuliwa. Mwaka uliofuata hakurudi kikundini, wala hakuuza maharage ila yale aliyoambiwa auze, na fedha yake haikupita mikononi mwake. Akapigwa tena. Na safari hii sababu ilikuwa nini? Ya kwamba nyumbani hamna chumvi.

Tulipoisikia habari hiyo ya pili tulifungua tena kitabu cha baraza tukaisoma hukumu yetu, kisha tukafungua tena Matendo sura ya tano. Twawaomba nanyi mfanye hivyo, maana mlango ule husomwa mara nyingi na kuangaliwa mara chache. Petro alimwambiaje Anania? Alimkumbusha ya kwamba kiwanja kilikuwa mali yake kabla hakijauzwa, na hata baada ya kuuzwa ile thamani ilikuwa katika uwezo wake. Hakulaumiwa kwa kubakiza fedha. Alilaumiwa kwa kuileta nusu mbele ya mitume na kujifanya ameleta yote, ili asifiwe na kanisa. Tena tazameni habari za Safira. Yeye hakuanguka kwa kumficha mume wake jambo lo lote. Alijua yote, naye alipatana na mume wake. Kupatana naye katika uongo ndiko kulikomwua. Mzee wetu alichukua habari ya mke aliyepotea kwa kumfuata mume pasipo kuuliza, akamwonya nayo mke aliyethubutu kutomfuata. Na sisi tuliokuwa na kalamu hatukuona neno hilo.

Kama twatafuta katika Maandiko mke aliyemficha mume wake mali, twende kwa Samweli wa kwanza, sura ya ishirini na tano. Nabali alikuwa tajiri mwenye kondoo elfu tatu, mtu mgumu asiyeweza kuambiwa neno. Alipowatukana watumishi wa Daudi, na Daudi akafunga upanga, ni mkewe Abigaili aliyeinuka kwa haraka. Akatwaa mikate 200, na viriba viwili vya divai, na kondoo watano walioandaliwa, na bisi, na zabibu, na mikate ya tini, akavipakia juu ya punda, akaenda. Maandiko yasema wazi ya kwamba hakumwambia mume wake. Je, Abigaili alihukumiwa? Daudi alimhimidi Mungu kwa ajili yake. Kisha aliporudi alimkuta Nabali amelewa sana, basi hakumwambia neno, dogo wala kubwa, hata kulipopambazuka na divai ilipokuwa imemtoka. Ndipo akamwambia yote. Akina mama wa milima yetu hawana haja ya kufundishwa maana ya kungoja hata asubuhi.

Abigaili hakuuchukia ukweli, maana aliusema saa ulipoweza kusemwa. Na mama wa maharage hakuchukua fedha kwa anasa. Alikuwa akiezeka nyumba ya mume wake. Laiti angaliweza kusema, "Mume wangu, nimepata kiasi hiki, tununue mabati," angalisema, maana mabati hayafichiki. Siku moja yangaliwekwa juu ya dari na jua likayaangaza mbele ya kijiji kizima. Alificha kwa kuwa katika nyumba ile kusema kweli kulikuwa na malipo, na malipo yake ni fimbo. Hapo twauliza, ni nani aliyeufukuza ukweli nyumbani? Katekisimo yetu yatufundisha katika Amri ya Nane habari ya uongo, nasi tulimshitaki mama kwa hiyo. Lakini mbele ya Amri ya Nane imetangulia Amri ya Tano, ambayo Luther alitufafanulia kuwa hairuhusu kumwumiza jirani mwilini mwake kwa namna yo yote, na jirani wa kwanza wa mume ni yule alalaye ubavuni mwake.

Hatusemi ya kwamba kila kuficha ni kwema. Wako wake waishio na waume wema, wenye kuleta nyumbani kila shilingi ya mauzo yao, nao wake wakajiwekea fungu la siri kwa nguo na maringo, huku mume akikopa karo au dawa. Huyo amevunja uaminifu, na yafaa aonywe. Tena wako waume wafichao zaidi ya wake. Ni mara ngapi baraza limemwita mume kumwuliza bei aliyouzia kahawa? Twakumbuka mashauri mengi ya fedha yaliyoletwa mbele yetu, wala hatukumbuki hata moja ambalo mume aliulizwa hivyo. Basi dhambi ya kuficha isipimwe kwa kutazama mfichaji ni mume au mke. Itazamwe alificha kwa tamaa au kwa hofu. Na ikiwa ni kwa hofu, mwenye kuitia hofu aulizwe kwanza.

Husemwa mlangoni pa kanisa, hata na watu wazima wenye heshima, ya kwamba zamani mambo haya hayakuwako. Kwamba fedha mikononi mwa wanawake ndiyo iliyoleta fimbo, na vikundi vikivunjwa amani itarudi. Neno hili ni zito, nalo lastahili kupimwa kwa habari za nchi yetu wenyewe.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya utawala wa Waingereza vijana wa Kiha walipanda gari la moshi kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Na kuanzia mwaka 1944 iliyokuwa ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, SILABU, iliwakusanya katika Kasulu na Kibondo. Wengine walikaa mwaka, wengine miaka mingi, na wengine hawakurudi. Katika miaka hiyo yote ni nani aliyelima Buha? Ni nani aliyebadilisha maharage kwa chumvi, aliyelisha wazee, aliyetunza mbegu? Bibi zetu. Kisha mwaka 1972 ilipoanza Operesheni Kigoma, na watu wakahamishwa kutoka vilimani kwenda vijijini, mzigo wa kufungua mashamba mapya uliwaangukia wao pia. Mwanamke wa Buha hakuanza jana kushika mali. Lililo jipya ni hili, kwamba mali ile imepata bei. Maharage yalipokuwa ya chungu yaliitwa maharage ya mama. Yalipopata lori la mnunuzi na wateja wa ng'ambo ya mpaka wa Burundi, yaliitwa maharage ya nyumba, na "nyumba" maana yake mume. Tumeiona tangawizi ikifuata njia ile ile. Kahawa yetu ya Buhigwe huchumwa na mama, huoshwa na mama, huanikwa na mama akaigeuza juani. Lakini jina lililo katika daftari la chama cha ushirika mara nyingi ni la baba, na malipo hufuata jina.

Twende na kwenye hesabu, ijapokuwa si desturi yetu kuwachosha wasomaji kwa tarakimu. Katika uchunguzi wa taifa wa afya uliofanywa mwaka 2015 na 2016, wanawake 40 katika kila 100 walisema wamewahi kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 27 katika kila 100. Bado ni wengi mno. Panga wake kumi katika viti vya mbele vya kanisa, na kwa hesabu hiyo zaidi ya wawili wamepigwa. Lakini katika miaka ile ile vikundi vya kuweka na kukopa vimeenea kila kijiji, na akina mama wamepata kuweka akiba katika simu. Kama fedha ya mke ndiyo mama wa fimbo, mbona fimbo haikuzidi?

Liko jambo jingine katika uchunguzi ule wa kwanza lililotuhuzunisha kuliko hayo. Watu waliulizwa kama yako makosa ambayo mume akimpiga mke kwa ajili yake, amefanya haki: kama kuunguza chakula, au kutoka bila kuaga. Wanaume 40 katika kila 100 walikubali. Wanawake waliokubali walikuwa 58. Wake wengi kuliko waume! Ni nani aliyewafundisha? Mama zao, na mashangazi siku ya arusi. Na sisi wa mimbarani tuliwafundisha, kila tuliposema "vumilia" wala hatukusema neno jingine.

Pamoja na hayo tusijidanganye upande wa pili. Wako wafadhili na viongozi wasemao ya kwamba mpe mama mtaji tu, naye atakuwa salama. Mama wa maharage alikuwa na mtaji. Yatupasa kukiri ya kwamba katika nyumba nyingine fedha ya mke huitangulia hatari, si kwa sababu fedha ni mbaya, bali kwa sababu humwonyesha mume jambo asilotaka kuliona. Mjini Mwanza wataalamu walichukua vikundi 66 vya wanawake wakopaji, wakavigawa nusu kwa nusu. Wote walikuwa na mikopo. Nusu moja waliketi pamoja katika vipindi kumi, wakafundishwa na kujadiliana juu ya maisha ya mume na mke, na kusemezana pasipo ugomvi, na haki zao. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2019, wake wa nusu ile walionekana kupigwa kwa uchache kuliko wenzao. Neno lilitakiwa pamoja na mkopo. Na kanisa, ambalo kazi yake tangu mwanzo ni neno, limekuwa likifungua vikundi vya akiba na kusahau neno.

Tumsikilize na mume, maana naye ni ndugu yetu, wala hatutamponya kwa kumtukana. Yeye alifundishwa tangu utoto ya kwamba mwanamume ni yule aletaye. Baba yake alirudi kutoka mkongeni na nguo na baiskeli, na kijiji kizima kilikuja kumlaki. Yeye mwenyewe amegawiwa shamba dogo, maana wana ni wengi na kilima hakikui. Bei ya kahawa yake huamuliwa katika nchi za mbali asizozijua. Na siku ya kufungua shule, mtoto hamjii baba kuomba sare, bali humwendea mama. Mtu huyo huona aibu. Aibu yake ni ya kweli, nasi tusiicheke kama alivyochekwa kilabuni. Laiti angalikuwako mwinjilisti wa kuketi naye jioni, na kumwambia ya kwamba mke aliyeleta mabati hakuja kumpokonya kiti. Lakini aibu si amri. Maelfu ya wanaume huona aibu ile ile, wakaenda kulima au wakaenda kulala, wala hawakuinua mkono. Aliyeinua mkono aliinua kwa kuchagua. Na ushahidi wake ni huu, kwamba aliyemcheka kilabuni hakumpiga, alimpiga asiyeweza kurudisha.

Husemwa tena, "Nilimtolea mahari, mikono yake ni yangu." Neno hili twalisikia hata kwa watu waliobatizwa. Wazee wetu walitoa mahari kwa shukrani na kwa kufunga agano kati ya koo mbili, hawakuenda sokoni. Aliyenunua hukaa na kitu alichokinunua, bali aliyetoa mahari hurudi kwa wakwe zake akivua kofia maisha yake yote. Kama mtu amnunua mke, amwiteje baba mkwe "baba"?

Na twaogopa kuutaja mlango mwingine, lakini tutautaja. Mtume Yakobo, katika sura ya tano, anena habari za ujira wa vibarua waliovuna mashamba, uliozuiliwa kwa hila, ya kwamba ujira ule walia, na kilio chake kimeingia masikioni mwa Bwana. Sisi tumezoea kumhubiri tajiri wa mbali kwa maneno hayo. Mama aliyechuma kahawa miezi mitatu, na fedha ikaisha kilabuni katika majuma mawili, ujira wake haulii? Katika Amri ya Saba hatukuambiwa ya kwamba wizi ukifanyika ndani ya ndoa hauitwi wizi. Na sura ya mwisho ya Mithali, ambayo twapenda kuisoma arusini, humsifu mke aangaliaye shamba akalinunua, akapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake mwenyewe. Na mwisho yaagiza apewe matunda ya mikono yake. Twasoma, bibi arusi akiinamisha macho, wala hakuna aulizaye shamba lile liliandikwa jina la nani.

Serikali yetu ilikwisha kusema wazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuwa nayo na kuitoa; na kifungu cha 66 chakataza mume au mke kumpiga mwenzake kwa kumwadhibu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua ya kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ijapokuwa Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokiomba. Ni jambo la kutahayarisha kwamba baraza letu, lenye Biblia mezani, liliandika "asizidishe" zaidi ya miaka arobaini baada ya Bunge kukataza.

Wengine watasema haya ni mawazo ya siku hizi. Basi twende hata Wittenberg. Martin Luther alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, naye mtawa wa zamani hakuwa na mali. Luther alikuwa mtu wa vitabu, mwenye kugawa fedha kuliko kuipata. Ni Katharina aliyeshika nyumba ile kubwa ya watawa waliyopewa: alipika bia, alifuga nguruwe na ng'ombe, alilima bustani, alipokea wanafunzi wa kulala na kula kwa malipo, na mwaka 1540 wakapata shamba la Zöllsdorf, naye akalisimamia. Mume wake alifanyaje? Alimtania, akamwita "Bwana Ketha", akamwandikia barua akimtaja kwa shamba lake na soko lake la nguruwe. Mtu yule aliyeweza kumkasirikia Papa na Kaisari alicheka mkewe alipomshinda kwa fedha. Na mwaka 1542 aliandika wasia kwa mkono wake, akimwachia Katharina mali na malezi ya watoto, kinyume cha desturi ya sheria ya nchi, iliyotaka mjane awekewe msimamizi. Alipokufa mwaka 1546 wasia huo ulibishaniwa, na Katharina akapata taabu nyingi. Lakini mume alikwisha kusema la kwake. Sisi tujiitao kwa jina la Luther twakariri Katekisimo yake, na nyumba yake twaisahau.

Sasa twarudi kwa wainjilisti walioleta swali, maana wao hawawezi kungoja mwisho wa maneno. Kesho mama mwingine atabisha mlangoni. Msimwite mke na mume katika benchi moja siku ya kwanza. Nani asemaye kweli huku aliyempiga amemgusa bega? Msikieni mama peke yake, na awepo mama mwingine mtu mzima wa kanisa. Mwulizeni, "Waogopa nini?" kabla ya kumwuliza, "Umeficha nini?" Kama ameumizwa, njia ya kwanza ni hospitali na polisi apate PF3, na katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto, hiyo si kumshitaki ndugu kwa mataifa, kama wengine wadhanivyo, maana Paulo mwenyewe alipotaka kupigwa mijeledi alitumia haki ya uraia wake. Wala msiifunue siri ya kisanduku. Aliyewaambia mahali fedha ilipo amewapa uhai wake mkononi. Upatanisho una wakati wake, nao huja baada ya toba. Na toba ya mpigaji haionekani kwa machozi ya Jumamosi, bali kwa mwaka mzima wa mikono iliyotulia.

Tena, ndugu wazee, tuangalie sadaka. Jumapili ya mavuno maharage huletwa mbele ya madhabahu katika vikapu, na twayanadi kwa furaha. Waliobeba vikapu ni akina nani? Kanisa lipokealo zao la mikono ile, kisha lisiulize kwa nini mkono umefungwa kwa kanga, limekula pamoja na mpigaji.

Baada ya kutafakari hayo tulikwenda kwa mama yule, mzee mmoja pamoja nasi, tukamwomba radhi. Alitukaribisha, akatuletea viti, naye akakaa chini juu ya mkeka kama ilivyo desturi. Tulimwambia ya kwamba tumeona kosa letu, na kwamba tutauchana ukurasa ule wa kitabu. Akanyamaza kitambo, akichambua maharage katika ungo. Kisha akasema, "Wazee wangu, msiuchane. Mkiuchana, itakuwa kana kwamba sikuja kwenu. Andikeni chini yake."

Tukamwuliza tuandike nini. Akasema hilo ni letu, sisi tuliosoma. Ila yeye ataka liandikwe barazani, mumewe akiwapo na wazee wote wakiwapo, wala yeye asiketi benchi moja na mumewe siku hiyo. Tena akauliza kama wataitwa na akina mama.

Wawili katika wale wazee saba wamekataa, wakisema kitabu cha baraza hakirudiwi. Mchungaji amekubali. Akina mama wawili wa kikundi wamekwisha kualikwa, na mmoja wao ndiye aliyekuwa ameshika ufunguo wa pili. Baraza litakaa Jumamosi ya kwanza baada ya maharage kuvunwa.